Kabla ya Kumpa Mtu Mzigo, Mpangieni Simu



Leo siandiki juu ya viwavijeshi wala mbolea. Nataka kusema juu ya simu, hasa simu ya yule tunayemtuma avuke mpaka na mzigo wetu. Najua wapo watakaosema hilo si la bwana shamba. Mimi nasema ni langu pia, kwa sababu maharage yaliyolimwa vizuri, yakakaushwa vizuri na kufungwa vizuri, yanaweza kupoteza faida sokoni kwa sababu ya vocha. Nimeliona hilo, na sehemu ya kosa ilikuwa yangu.

Kikundi kimoja ninachokihudumia, watu tisa, kilikusanya gunia 60 za maharage, kila gunia kilo 100. Mzigo ulishushwa kutoka mlimani kwa kichwa na kwa bodaboda, ukapakiwa kwenye gari, ukapita Morogoro, Chalinze, Arusha, hadi Namanga na kuingia Kenya. Ulikuwa unakwenda Nairobi, Nyamakima, ambako wanunuzi wengi wa nafaka na maharage hukutana. Tulimtuma kijana mmoja mwaminifu, tukampa hela ya chakula, ya kulala na ya makuli. Tulikubaliana jambo moja: bei ikiwa chini ya ile tuliyopanga, asiuze mpaka atupigie simu.

Ya simu yenyewe hatukumpa kitu. Alikuwa na laini yake ya hapa na vocha aliyojiwekea mwenyewe.

Alipovuka Namanga tulianza kumpigia. Mmoja alimpigia kumuuliza kama amefika. Mwingine alitaka kujua kama mvua imegusa magunia. Mama mmoja alimpigia amsalimie tu. Mimi mwenyewe nilimpigia mara tatu. Siku ya pili asubuhi tukaanza kusikia, "Namba unayopiga haipatikani kwa sasa." Ikawa hivyo siku mbili nzima.

Asubuhi ya kwanza ya kimya hicho, mnunuzi alimtajia bei iliyokuwa chini kidogo ya ile tuliyokubaliana. Alitaka jibu kabla ya saa sita mchana. Kijana hakuwa na salio la kutupigia, na hakuthubutu kuamua peke yake juu ya mali ya watu tisa. Mnunuzi akaondoka. Kesho yake yakaingia malori mengine ya maharage na bei ikashuka tena. Aliuza kwa hasara ya kiasi cha shilingi 100 za kwetu kwa kila kilo. Kilo 6,000 mara shilingi 100 ni shilingi 600,000.

Huku nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi ya hizo laki sita. Mzee mmoja alishasema twende polisi. Mwingine alikwenda kwa mama wa kijana kuuliza maswali ambayo mama hapaswi kuulizwa. Siku ya tano kijana alirudi na hela yote pamoja na karatasi ya hesabu. Nilipomuuliza kwa nini hakutafuta hata vocha akanijibu, "Bwana shamba, ile hela ilikuwa ya kikundi. Nilinyamaza ili nisiile."

Nimelifikiria sana jibu hilo. Alinyamaza kwa uaminifu, na kimya chake kikatufanya tumwone mwizi.

Nani alimaliza vocha yake?

Tuliimaliza sisi. Hapa kwetu anayepiga ndiye anayelipa, na anayepokea halipi kitu. Ndiyo maana tunabipu. Ukiwa nje ya nchi na laini ya nyumbani, mambo yanaweza kugeuka. Simu inapopigwa kwako, kampuni yako huifikisha kwenye mtandao wa nchi uliyopo, na gharama ya safari hiyo inaweza kukatwa kwenye salio lako wewe uliyepokea. Watu wa kampuni huita huduma hiyo romingi. Kijana wetu alilipia salamu zetu, dakika kwa dakika. Salio lilipoisha, simu zikawa haziingii tena.

Kuna lingine. Simu yake ilikuwa janja, na data ilikuwa imewashwa alipovuka. Video za kwenye magrupu zikaanza kushuka zenyewe kabla hajafika hata mji wa kwanza. Data ya romingi bila bando ni ghali kuliko ile tuliyoizoea.

Lakini kuna mlango uliobaki wazi ambao hakuna aliyeutumia. Kupokea ujumbe mfupi ukiwa nje kwa kawaida hakukatwi hela. Kama yeyote kati yetu angemwandikia "Uza kwa bei hiyo", huenda angeusoma hata bila senti moja. Tulipiga simu mara nyingi, na hakuna aliyeandika.

Ughali huu si wa lazima

Nataka mjue kwamba gharama hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Mwezi Septemba 2006 kampuni ya Celtel iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania. Mteja wake aliweza kuvuka mpaka, akapiga kwa bei ya wenyeji na kupokea bure. Wakati huo hata Ulaya hawakuwa na kitu cha namna hiyo. Umoja wa Ulaya ulifuta gharama za ziada za romingi kati ya nchi zake Juni 2017, zaidi ya miaka kumi baadaye.

Mwaka 2014 serikali za Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilikubaliana kufanya eneo lao kuwa mtandao mmoja. Ziliweka kikomo cha bei ya kupiga, zikafuta gharama ya kupokea. Tanzania haikuwa kati ya nchi zilizoanza mpango huo. Muuza ndizi wa Uganda aliyekwenda Nairobi alipata nafuu ambayo muuza maharage wa Kilosa hakuipata, na wote wawili ni watu wa Jumuiya moja ya Afrika Mashariki.

Maoni yangu ni kwamba bei ya simu mpakani ni suala la kilimo, sawa na ushuru wa mazao na barabara. Wabunge na madiwani wanapokuja kutuuliza shida za soko, tuitaje. Tukisema barabara peke yake, watatengeneza barabara peke yake. Na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, isikie kutoka kwa wauza maharage pia, maana hao nao wanavuka mpaka.

Lakini mavuno hayasubiri wakubwa wakae kikao. Lipo tunaloweza kulifanya wenyewe msimu huu.

Wiki moja kabla ya safari

Msafiri aende kwenye duka la kampuni yake ya simu au apige huduma kwa wateja, aulize maswali manne kuhusu nchi anayokwenda. Kupiga simu nyumbani ni shilingi ngapi kwa dakika? Kupokea ni shilingi ngapi? Kutuma ujumbe ni shilingi ngapi? Na MB moja ya data ni shilingi ngapi? Kisha aulize kama lipo bando la nje, linafanya kazi kwenye mtandao gani wa nchi hiyo, na linaisha baada ya siku ngapi. Asiondoke na jibu la "ni nafuu". Aondoke na namba alizoziandika. Bei hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na kati ya nchi na nchi. Aliyekwenda Kenya mwaka jana asimpangie anayekwenda Zambia mwaka huu.

Aulize pia kama laini yake imeruhusiwa kufanya kazi nje. Wengine hugundua kuwa haijaruhusiwa wakiwa wameshavuka.

Namba zote muhimu azihifadhi upya kwa kuanza na +255, akiondoa sifuri ya mwanzo. Hili si jambo dogo. Kenya nao wana namba zinazoanza na 07. Ukiwa na laini ya Kenya na ukapiga namba ya mkeo kama ulivyozoea, anaweza kupokea mtu wa Kisumu. Kupiga kimakosa ni jambo la kucheka. Kutuma hela kimakosa hakuchekeshi.

Laini ya nyumbani au ya huko?

Ushauri wangu ni huu. Safari ikiwa ya siku mbili tatu, nunua bando la nje kwa laini yako, ukiwa bado upande wetu. Ikiwa ni wiki au zaidi, au unakwenda mara kwa mara, nunua laini ya huko huko. Bando la mwenyeji mara nyingi ni nafuu kuliko la mgeni.

Ila laini hiyo isajiliwe kwa jina lako na pasipoti yako, kwenye duka la kampuni. Mipakani utakutana na watu wanaouza laini "iliyo tayari", imesajiliwa na mtu usiyemjua. Usiichukue, hata kama ni ya bei ya chini. Namba hiyo si yako. Hela ikiingia humo, kwa jina ni ya mwingine. Na laini hiyo ikiwa imetumika kwa utapeli, wewe ndiye utakayekutwa nayo mfukoni. Sisi wenyewe tulipita kwenye usajili wa alama za vidole, na kuanzia Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa hivyo zikaanza kufungwa. Tunajua kwa nini jina kwenye laini ni jambo zito.

Usiitupe laini ya nyumbani. Vitochi vingi tunavyotumia vina nafasi mbili za laini. Ya nyumbani ikae nafasi moja kwa ajili ya kupokea ujumbe, hasa ujumbe wa benki na wa hela ya simu. Ya huko ikae nafasi ya pili kwa kupiga na kwa data. Kwenye simu janja, zima data ya romingi ya laini ya nyumbani kabla hujafika mpakani. Ukiwa Namanga, Holili au Tunduma, simu inaweza kudaka mtandao wa upande wa pili hata kabla hujagongewa muhuri. Ingia kwenye mipangilio, chagua mtandao mwenyewe, usiiache simu ijichagulie.

Mpokeaji mmoja, saa moja

Hapa ndipo tulipokosea zaidi, na pa kurekebisha ni huku nyumbani, si kwa msafiri.

Kikundi kichague mtu mmoja wa kuzungumza na msafiri. Awe na simu janja kama inawezekana, na awe anakaa mahali penye mtandao. Kwetu milimani wote tunajua kuna nyumba ambayo mtandao unaingia dirishani na nyingine ambayo lazima upande juu ya jiwe. Wengine wote waulize kwa huyo. Mama wa msafiri naye aambiwe habari na huyo huyo, na aambiwe kwanza kabla ya wote.

Pangeni saa. Kwa mfano, saa moja asubuhi kabla soko halijachangamka, na saa mbili usiku. Wanaokwenda Nairobi au Kampala saa yao ni sawa na yetu. Wanaopitia Tunduma kwenda Zambia, au wanaokwenda Malawi na Lubumbashi, wajue kwamba huko ni nyuma kwa saa moja, na simu janja hujibadilisha yenyewe. Ukiahidi kupiga saa mbili, semeni ni saa mbili ya wapi.

Yasiyo ya haraka yaende kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Ujumbe wa dakika moja haufiki hata nusu ya MB. Unaurekodi ukiwa na utulivu, unautuma, na mwenzako anausikiliza akifika penye mtandao. Picha tuma zile za lazima tu: mizani, risiti, namba ya gari. Kwenye WhatsApp zima kushuka kwa picha na video kwenyewe, maana video moja ya harusi inaweza kula bando la siku. Kwa wale wachache wanaofuata bidhaa Dubai, mjue kuwa kupiga simu kwa WhatsApp kumezuiwa huko kwa muda mrefu, ingawa maandishi na ujumbe wa sauti hupita.

Na ikitokea amekwama bila salio, mtu wa nyumbani anaweza kumnunulia. Ingia kwenye menyu ya hela ya simu yako, chagua kununua salio la namba nyingine, weka namba yake ya nyumbani. Kijana wetu alikuwa umbali wa dakika moja kutoka kwenye msaada, na hakuna aliyelijua hilo.

Neno la siri

Msafiri akipata laini mpya, atawaandikia kwa namba msiyoijua. Matapeli nao huandika kwa namba msiyoijua. Sote tumeshapokea ile meseji ya "ile hela itume kwenye namba hii". Mtu mwenye mzigo njiani akiipata, anaweza kuamini ni msafiri wake.

Kabla ya kuondoka, kubalianeni neno moja ambalo si la kawaida. Liwe jina la ng'ombe wa mtu, au la kijito. Namba mpya ikija bila neno hilo, hakuna hela inayotumwa. Hata ikija na neno hilo, sikieni sauti yake kwanza. Mkipata namba ya tapeli, ipelekeni 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.

Kuhusu hela ya mauzo, si lazima abebe maburungutu mfukoni kwenye basi la usiku. Tangu 2015 imewezekana kutuma hela kati ya M-Pesa ya Kenya na ya Tanzania. Aulize makato, kiwango cha kubadilisha fedha na kikomo cha kutuma kwa siku, kisha alinganishe na benki. Namba ya siri asimpe mtu, hata wakala mwenye haraka.

Kuna watakaonipinga

Wa kwanza atasema, "Sisi tunavuka mpaka lini? Tunauza kwa dalali hapa hapa Mikumi." Ni kweli, lakini dalali huyo anapiga simu Nairobi na Tunduma kabla hajakutajia bei. Mkituma mtu wenu mara moja tu, akarudi na bei za huko zilizoandikwa, mazungumzo yenu na dalali hayatakuwa kama ya jana.

Wa pili atasema, "Wazee walisafirisha mazao bila simu." Walisafirisha, na mnunuzi wao naye hakuwa na simu. Leo mnunuzi anayo, na anajua ni malori mangapi yanakuja kesho. Ukimpeleka mtu wako bila simu mbele ya mnunuzi mwenye simu, umempeleka na kitambaa machoni.

Wa tatu, huyu namheshimu zaidi, atasema hela ya bando itaongeza gharama. Itaongeza. Lakini tunalipa mafuta ya gari bila kubishana. Tunalipa ushuru, tunalipa makuli na tunalipa kamba za magunia. Andikeni "simu ya msafiri" kwenye karatasi hiyo hiyo ya matumizi, kabla ya safari, kila mwanachama achangie sehemu yake. Gharama ikishakuwa ya kikundi, msafiri hataona aibu kuitumia. Hilo ndilo nililojifunza kwa yule kijana. Hakukosa akili wala uaminifu. Alikosa ruhusa yetu ya kutumia hela kidogo ili kuokoa nyingi.

Kikundi kile kimeshampa pole mbele ya mkutano, na mzee aliyetaka polisi ndiye aliyesimama wa kwanza. Lakini pole haifuti maswali aliyoulizwa mama yake.

Kwa hiyo, kabla ya gunia la kwanza kupanda garini msimu huu, kaeni chini nusu saa. Andikeni bei nne za simu, jina la mpokeaji mmoja, saa mbili za kuzungumza, neno la siri, na hela ya bando. Nakala moja abaki nayo mpokeaji, nyingine aende nayo msafiri. Anayetaka tuiandike pamoja aje na simu yake ofisini kwangu siku ya gulio. Waje na wanaobaki nyumbani pia, maana makosa yetu mengi tuliyafanya tukiwa huku.